Vumbi Linakwenda Nje

Siku Sista alipopiga chafya kumi na saba mfululizo huku amebeba sinia la vikombe, Mzee Koki alijua mambo yamechacha. Si kwa sababu ya vikombe, ingawa vilivunjika vyote isipokuwa kimoja ambacho mkono wake ulikuwa umevunjika zamani. Ni kwa sababu Sista alizihesabu. Alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na miwili kabla hajastaafu, na muuguzi akianza kuhesabu kitu, ujue ripoti imeshaanza kuandikwa kichwani.

“Kumi na saba,” alisema, akijifuta macho kwa upindo wa gauni. “Jana zilikuwa kumi na nne. Zote ni zako, bwana wewe.”

Hapo penye “bwana wewe” ndipo Mzee Koki alipoweka randa chini. Nyumba ikiwa na amani, mkewe alimwita “mzee.” Katika miaka thelathini na tisa ya ndoa “bwana wewe” ilikuwa imetumika mara chache sana, na kila ilipotumika kuna kitu kiliondoka nyumbani moja kwa moja. Mara ya mwisho iliondoka na masharubu yake.

Mzee Koki mwenyewe alikuwa fundi bomba mstaafu. Wenzake waliostaafu naye walinunua viti vya kukalia barazani. Yeye alinunua msumeno wa umeme ili ajitengenezee vya kwake. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita, na mpaka siku ya vikombe alikuwa amekamilisha viti viwili, na kimoja kati ya hivyo tukikiita kiti tutakuwa tunamwonea huruma.

Vumbi lakini alitoa la kutosha. Karakana yake ilikuwa chumba cha zamani cha kufulia, katikati kabisa ya nyumba, kimepakana na jiko upande mmoja na chumba cha kulala upande mwingine. Akiwasha msumeno, unga wa mbao ulipita chini ya mlango, ukashika ukumbi, ukaingia jikoni, ukakaa juu ya sukari kama mgeni aliyealikwa. Sebuleni, katika picha ya harusi yao, Sista alionekana ameolewa akiwa na mvi. Ukimpiga paka kofi la mgongoni kwa upendo, wingu linatoka.

Na lile alilolizoa hakulitupa. Hapa ndipo ninapokosa subira naye. Alilitia kwenye viroba, akaandika kila kimoja kwa chaki, “msonobari,” “mvule,” “sijui ni mti gani,” akavipanga ukumbini. Vilikuwa kumi na kimoja, na Sista alipita ukumbini mwake mwenyewe kiubavu.

“Litafaa,” alisema kila alipoulizwa.

“Litafaa nini?”

“Bado sijajua. Lakini litafaa.”

Sasa Sista alikanyaga vigae vya vikombe akaenda mpaka chumbani. Mzee Koki alisikia mlango wa kabati ukifunguliwa, hanga za nguo zikigongana, kisha kabati likifungwa. Alipomfuata alimkuta amesimamisha sanduku la safari karibu na mlango, limejaa, zipu imevutwa.

“Jumamosi dada anakuja,” alisema Sista. “Kama mpaka siku hiyo bado napiga chafya ndani ya nyumba hii, naondoka naye. Na sikuambii naenda kumtembelea. Nakuambia naondoka.”

“Kwa ajili ya vumbi tu?”

“Kifua changu si ‘tu.’ Usiku nalala nimekaa, wewe unakoroma. Nguo za wiki hii nitatoa humu sandukuni. Kabati nimeshaliaga.”

Mzee Koki alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mahali pa kushika. Sista hakucheka. Ilikuwa Jumatatu.

Tuseme ukweli, aliogopa. Mwaka uliopita Sista alikwenda kumuuguza dada yake wiki mbili, na katika wiki hizo mbili Mzee Koki alikula amesimama, akazungumza na birika, na akagundua kwamba katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake hajui chumvi inakaa wapi. Siku ya tisa alipiga simu kuuliza chumvi iko wapi, Sista akamjibu, naye akaendelea kushika simu dakika nzima baada ya kukatwa. Hakumwambia mtu. Kuishi hivyo siku zote asingeweza, na alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Lakini na karakana nayo aliipenda. Humo ndani, mahali pekee duniani, hakuna aliyemuuliza kazi inakwisha lini.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumanne alikwenda kwa Fundi Gesi, jirani wa nyumba ya tatu, mtengeneza mafriji, mtu mpole mwenye tabia mbaya moja: alikuwa sahihi mara nyingi. Gesi alikuja, akasimama katikati ya karakana, akapitisha kidole juu ya meza, akakitazama.

“Mzee wangu, hapa huhitaji ufagio. Unahitaji feni ya kuvuta. Ninayo moja kubwa, ilikuwa ya ghala la baridi. Inavuta, we acha tu.”

“Nipe.”

“Subiri. Kabla ya feni unaweka pipa lenye mfuniko. Hewa inaingia pipani inazunguka, vumbi zito linaanguka chini, hewa inaendelea na safari. Mwisho wake unafunga mfuko wa kitambaa kizito, kukamata ule unga mwembamba. Pipa likijaa, unamwaga. Basi.”

Mzee Koki alimtazama kwa huruma, jinsi wakubwa wa kazi wanavyowatazama wanaojifunza.

“Kijana wangu, maji machafu hayakai ndani ya nyumba. Hayakai kwenye pipa, hayakai kwenye mfuko. Unayapa njia, yanakwenda nje.”

“Hewa si maji, mzee.”

“Chochote kinachopita kwenye bomba ni maji,” alisema Mzee Koki. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake, na aliishika kuliko imani nyingine alizofundishwa utotoni.

Gesi akajaribu tena kwa upole. Akaeleza pipa kwa mikono, akaeleza mfuko kwa kuvua shati nusu. Haikusaidia kitu. Ila katika jambo moja walipatana: viroba viondoke. Mama mmoja wa mtaa wa pili, mfuga kuku, alikuja na mkokoteni. Maranda makubwa, yale yaliyojikunja, aliyachukua yote kwa ajili ya kutandika bandani. Unga mwembamba aliukataa.

“Huu vifaranga wangu watakohoa,” alisema.

“Kwani vifaranga wanakohoa?” aliuliza Mzee Koki.

“Wakiishi na wewe watakohoa.”

Sista, aliyekuwa mlangoni, alikunja mikono kifuani, na Mzee Koki akajitia kushughulika na kamba ya mkokoteni. Ule unga uliobaki, viroba vinne, walikubaliana na mtu wa kufyatua matofali aliyeutaka kwa kuchomea tanuri lake. Mzee Koki aliviaga kimoja kimoja. Kile cha “sijui ni mti gani” alikishika mkono mpaka mkokoteni ukamshinda nguvu. Ukumbi ukawa mpana, na Sista akapita kifua mbele kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Alipita mara mbili bila sababu.

Jumatano ilikuwa siku ya mabomba. Na kwa mabomba, jamani, tumpe haki yake. Alilaza bomba la plastiki la inchi nne ukutani kwa unyoofu ambao hajawahi kuufikia kwenye kiti chochote. Akashusha tawi moja kwenye msumeno, moja kwenye mashine ya msasa, moja sakafuni la kufagilia. Kila tawi akaliwekea kifuniko cha kufungua na kufunga, ili feni ivute pale tu panapofanyiwa kazi. Kila kiungo akakipaka gundi, akakikagua kwa tochi, akakigonga kwa kidole na kusikiliza. Mlango wa karakana akaupiga mpira pembeni pote, hata sauti ikawa inapita kwa shida.

“Na mwisho wake unatokea wapi?” aliuliza Gesi akiifunga feni.

“Pale konani pana tundu. Nililitoboa mwenyewe miaka thelathini iliyopita, la kutolea maji ya kufulia. Linatokea nje.”

“Nje wapi?”

“Nje ni nje, Gesi. Hakuna nje mbili.”

Aliondoa ubao uliokuwa umefunika tundu, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akahisi utupu mkavu upande wa pili, akaridhika. Akapachika mwisho wa bomba, akaziba pembeni kwa saruji, akapiga makofi mawili ya kukung'uta mikono. Gesi alitaka kuzunguka nyuma ya nyumba kutazama, lakini Mzee Koki alishawasha swichi.

Feni ilinguruma. Vumbi la miaka minne lililokuwa sakafuni lilijikusanya, likasita kidogo mdomoni mwa bomba, kisha likaondoka. Maranda yakaondoka. Penseli ya kupimia ikaondoka. Mzee Koki alipoinama kutazama penseli ilikokwenda, kofia yake ya kitambaa ikamtoka kichwani, ikaingia bombani, ikapiga kelele mbaya kwenye feni, ikapotea.

“Umeona?” alisema, akishika kipara chake kwa furaha. “Hiyo ni feni.”

“Kofia nayo imekwenda nje?”

“Kila kitu kimekwenda nje.”

Alhamisi na Ijumaa alifanya kazi kama mtu aliyerudishiwa ujana. Alipasua mbao ambazo hata hakuwa na haja nazo, ili tu aone vumbi likiondoka. Alipiga msasa ubao mmoja kutoka unene wa inchi mbili mpaka ukawa kama kadi ya mwaliko. Akimaliza, alipitisha kitambaa cheupe juu ya meza, na kitambaa kilibaki cheupe. Akakipitisha juu ya msumeno, kikabaki cheupe. Kichwa kikamvimba.

Ijumaa mchana Gesi alipitia uani kuazima bisibisi, akatupa jicho huku na huku.

“Mzee wangu, siku mbili unapasua mbao. Mbona uani hamna hata chembe?”

Mzee Koki alitoka mpaka mlango wa jikoni, akatazama uani. Ni kweli, palikuwa safi. Mtu mwingine hapo angejiuliza swali. Mzee Koki alipata jibu kabla ya swali kufika.

“Upepo,” alisema. “Feni inalisaga vumbi, upepo unalichukua. Hata ningetaka kulizoa nisingelipata.”

“Na kofia? Nayo imesagwa ikachukuliwa na upepo?”

“Ilikuwa kofia nyepesi.”

Gesi alichukua bisibisi akaenda zake.

Kitu kikubwa zaidi ni kwamba Sista aliacha kupiga chafya. Alhamisi alipiga mbili, na zote alikiri ni za pilipili. Ijumaa hakupiga hata moja. Jioni hiyo Mzee Koki alimkaribisha karakana, akamvutia stuli. Sista alikaa, akanusa kushoto, akanusa kulia, akapitisha kidole chini ya meza kama alivyokuwa akifanya wodini, mahali ambapo wafagiaji hudhani hapaonekani. Akakiinua kidole kwenye mwanga. Mzee Koki alikuwa ameacha kupumua.

“Mzee,” alisema Sista.

Neno hilo lilimpita Mzee Koki kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo.

“Mzee, chumba hiki kimeshinda wodi yangu. Sikudhani utaweza. Nilikuwa sitaki kwenda, ujue. Dada anapika bila chumvi.”

“Sanduku je?”

“Kesho nitalifungua. Mbele yake, aone mwenyewe.”

Jumamosi saa nne Dada Mkubwa aliingia na teksi, akamwambia dereva angoje nje, kwa kuwa hakuja kukaa. Alikuwa mwanamke mrefu, nguo zake zimepigwa pasi mpaka zimekaa kijeshi, na aliamini kwamba mdogo wake aliharakisha kuolewa. Miaka thelathini na tisa haikutosha kumbadilisha mawazo.

“Sanduku liko wapi?” ndiyo ilikuwa salamu yake.

“Karibu, shemeji,” alisema Mzee Koki, mikono nyuma, kifua mbele. “Kwanza pitia karakana.”

Alimtembeza kama mkurugenzi anayetembeza wageni wa heshima. Alimwonyesha matawi, akamwonyesha vifuniko, akamwonyesha kitambaa cheupe. Dada Mkubwa alitafuta kosa kila mahali, na alipolikosa uso wake ulikunjamana.

“Na uchafu wenyewe unakwenda wapi?” aliuliza mwishowe.

“Unakwenda nje, shemeji. Huku kwetu vumbi linakwenda nje.”

Alilisema mara tatu, na mara ya tatu alinyoosha mkono kuelekea konani bomba lilikoishia. Nilimwonea haya kwa mara hizo tatu, maana bado zilikuwa njiani kumrudia.

Wakaenda chumbani wote watatu. Sista alikuwa na furaha iliyomfanya aimbe puani. Alilaza sanduku kitandani, akavuta zipu, akatoa gauni la kwanza. Dada Mkubwa, ambaye hata akishindwa lazima asimamie, alishika mlango wa kabati ili apange nguo vile zinavyotakiwa kupangwa. Kabati hilo lilikuwa la ukutani, pana, na Mzee Koki alilijenga mwenyewe. Milango yake ndiyo kitu pekee cha mbao alichowahi kutengeneza kikakaa sawasawa, kiasi kwamba ukiifunga hata pumzi haipiti.

“Umekwama huu,” alisema Dada Mkubwa.

“Haujakwama, shemeji. Ndivyo mlango mzuri ulivyo. Vuta kwa nguvu.”

Dada Mkubwa akavuta kwa nguvu.

Hakukuwa na kishindo. Kulikuwa na sauti ya shwaa, ndefu, ya taratibu, na unga wa mbao wa siku tatu ukatoka kabatini ukamshukia Dada Mkubwa kuanzia kilemba kushuka chini. Ukajaa miguuni, ukapanda magotini, ukaendelea mpaka chini ya kitanda. Magauni ya Sista yalining'inia humo ndani yote rangi moja. Ulipokwisha kutoka uliokuwa tayari kutoka, ikabingirika kofia ya kitambaa, ukingo wake umetafunwa na feni, ikatua juu kabisa ya kilima na kukaa.

Watu watatu waliitazama kofia.

“Ile ni kofia yako,” alisema Sista.

“Inafanana nayo,” alisema Mzee Koki.

Na papo hapo akaona kila kitu, kama mtu aliyewashiwa taa. Tundu lilikuwa linatokea nje, hakuna aliyembishia. Lakini miaka kumi na miwili iliyopita Sista alilalamika kwamba kabati ni dogo, naye akausukuma ukuta wa chumba cha kulala hatua mbili kuelekea uani ili kabati lipate nafasi. Hatua hizo mbili zilipita nyuma ya kona ya karakana, zikalifunika tundu. Kabati lenyewe hakuliwekea ubao wa nyuma, kwa kuwa alibana mbao, akaacha ukuta uwe mgongo wake. Kwa hiyo alichokuwa akikiita nje tangu Jumatano kilikuwa magauni ya mke wake, na aliyekijenga ni yeye mwenyewe, na hakuna fundi mwingine wa kumsingizia.

“Linakwenda nje,” alisema Dada Mkubwa polepole. Alikuwa wa kahawia mpaka kwenye kope, na kila neno lilitoka na wingu lake. “Huku kwenu vumbi linakwenda nje.”

Ndipo Sista alipoanza. Chafya ya kwanza ilimketisha kitandani, ya pili ikamwinua. Zikaja bila nafasi katikati, na kifua kikaanza kupiga mluzi. Mzee Koki alingoja amsikie akihesabu. Hakuhesabu. Kati ya yote ya siku hiyo, hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa sababu muuguzi akiacha kuhesabu maana yake ripoti imekwisha andikwa.

Sista alirudisha gauni sandukuni, akavuta zipu kwa mkono mmoja huku mwingine umeziba pua, akalibeba, akatoka. Mzee Koki alimfuata ukumbini akichuruzika vumbi.

“Sista, ngoja. Naliondoa bomba. Naiondoa feni, nauza msumeno, nauza kila kitu leo hii. Karakana naifunga. Sikiliza, mimi bila wewe siwezi. Si suala la chumvi. Mwaka jana nilijua chumvi iko wapi, niliipata siku ya pili. Nilipiga simu nikusikie tu.”

Hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo tangu siku ya kumposa. Sista hakuweza kumjibu, chafya hazikumpa nafasi. Nyuma yao vumbi lilikuwa limeshatoka chumbani, linawafuata ukumbini bila haraka. Mbele palikuwa na mlango wa kutokea, na kupitia dirisha teksi ilionekana imewasha injini. Sista alichukua hatua tatu kuelekea huko, amefumba macho, akipapasa ukuta. Mkono wake ukapata kitasa cha mlango mwingine, akausukuma, akaingia na sanduku lake, akaufunga.

Ulikuwa mlango wa karakana, wenye mpira pembeni pote.

Mzee Koki na Dada Mkubwa walisimama nje yake, vumbi likiwatulia mabegani. Ndani zilisikika chafya tatu, kisha moja, kisha nusu iliyobadili nia. Halafu kimya. Halafu sauti ya mtu anayevuta hewa ndefu na kuishusha.

“Mdogo wangu,” aliita Dada Mkubwa, “teksi inangoja.”

“Iende,” ilijibu sauti ya Sista kwa mbali, kupitia mpira. “Humu napumua.”

“Utakaa karakana?”

“Nyumba hii ina chumba kimoja safi, na mimi nimo ndani yake. Mzee.”

“Naam,” alisema Mzee Koki, akaukaribia mlango mpaka pua ikaugusa. Alikuwa amelisikia neno.

“Leta godoro. Lile la wageni, la kwetu usiliguse. Likung'ute uani kwanza. Na njoo utoe msumeno wako, meza yako na takataka zako zote, uzipeleke chumbani. Huko vumbi lipo tayari, halitakushangaa.”

“Lakini hiyo ni karakana yangu.”

“Ilikuwa.”

Mtu angetegemea ahuzunike. Alitafuta huzuni mwilini mwake kwa uaminifu kabisa, akaambulia kidogo tu, ya ukubwa wa penseli. Kilichobaki chote kilikuwa furaha, na ilimbidi ageuke upande ili shemeji yake asimwone anavyotabasamu.

Dada Mkubwa aliondoka peke yake. Dereva alimtandikia gazeti kwenye kiti. Kazi ya kuhama ikawachukua Mzee Koki na Fundi Gesi mchana kutwa: kubeba msumeno, kubeba meza, kuzoa kabati kwa koleo viroba vitatu na nusu, kuziba tundu kwa saruji pande zote mbili. Gesi alipofika konani akaona bomba linaingia ukutani na kutokea kwenye magauni, alifungua mdomo.

“Usiseme,” alisema Mzee Koki.

“Nilitaka tu kusema habari ya pipa.”

“Jumatatu lilete. Na mfuko.”

Gesi aliinamisha kichwa kwa adabu, akatoka nje, na huko uani akacheka mpaka akashika ukuta.

Alasiri kazi ilikwisha. Mzee Koki alijikung'uta kwa taulo, akachana nywele chache alizokuwa nazo, akaenda akasimama mbele ya mlango alioupiga mpira mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akagonga hodi kwenye karakana.

“Nani?”

“Mimi.”

“Umeoga?”

Aliitazama mikono yake. “Nimenawa.”

“Sijauliza kunawa.”

Alisimama pale akisikiliza. Nyuma ya mlango Sista alikuwa amelala chali, na pumzi zake zilikuwa zinakwenda na kurudi, ndefu, laini, hazina mluzi. Miaka minne alikuwa akiusikia mluzi ule usiku akidhani ni dirisha, na mara mbili aliamka akalipaka dirisha mafuta. Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Akaona na furaha vilevile, akabaki hajui aanze na ipi. Kisha akachukua sabuni, akaenda kuoga, na akasugua mpaka nyuma ya masikio.